Waini ya Kutema

Saa tano asubuhi, Jumamosi, Mable Mghoi alikuwa ameshasimama kwa saa sita, na miguu yake ilikuwa imeanza kumwambia mambo ambayo hakutaka kuyasikia. Miaka hamsini na saba si mchezo. Ishirini na minane kati ya hiyo alikuwa ameitumia kubeba sahani za watu katika loji moja nje kidogo ya Voi, pale lami inapokwisha na waya wa mbuga unapoanza. Kama yuko mtu anayedhani kazi ya mezani ni nyepesi kwa kuwa inafanyiwa kivulini, basi na aje abebe trei.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Alijua ni nani kabla ya kuitazama. Akaenda kusimama kando ya dirisha la kantini ya wafanyakazi, mahali pekee penye upepo.

"Dada," akasema Sylus, mdogo wake, kutoka kwao Wusi, juu milimani. "Utakuja?"

"Nilikwambia jana. Kuna wageni."

"Mimi naondoka kesho saa sita. Jumatatu asubuhi wananipasua."

Mable alifumba macho. Uvimbe ule tumboni mwa Sylus ulikuwa umegunduliwa mwezi uliopita, na daktari wa Mombasa hakupenda alivyouona. Sylus alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mkulima wa kabeji na maharage, mtu ambaye hajawahi kulala hospitali hata kwa malaria.

Wala hakuwa akiomba nauli, wala kuandikishwa kwenye maombi ya kanisa. Alikuwa akiomba jambo moja, na tangu Jumatano alikuwa ameliomba mara nne: Mable apande Wusi, asimame mlangoni kwa marehemu mama yao, aseme kilichomo moyoni mwake, ajaze maji kinywani, ayateme chini. Wadawida, yaani Wataita wa milimani, huliita kutasa. Wazee wao walishika kwamba hasira ya mkubwa, hata ikikaa kimya, humfuata mdogo na kumtafuna, na haina dawa nyingine ila kutolewa kwa kinywa ilikotoka, pamoja na kinywaji. Iwe pombe ya muwa au maji ya kisima, hilo si neno. Neno ni kwamba mwenye hasira aseme kweli kwanza. Asiposema kweli, ametema mate tu kama mtu yeyote aliyekula vumbi.

"Mimi nimeokoka, Sylus."

"Hata mimi nimeokoka. Nimeokoka na ninaogopa."

"Sina hasira na wewe."

"Basi njoo useme hivyo pale mlangoni."

Mable alimwambia kuna mtu anamwita, na kwa kweli hakukuwa na mtu. Akairudisha simu mfukoni.

Hasira alikuwa nayo. Mtaa mzima wa Wusi ulijua. Mama yao alifariki mwezi wa nane, miaka sita iliyopita, wakati loji imefurika wageni hadi vitanda vya akiba. Alizikwa Ijumaa. Mable alifika Jumamosi saa nne, gari likamshusha njia panda, akapanda mlima na begi begani akakuta udongo umeshainuliwa na maua yameanza kunyong'onyea. Alisimama pale, akamwambia mdogo wake sentensi moja: "Hata siku moja hukuningoja." Watu walipomuuliza amechelewa nini, alisema meneja wa wakati ule alimnyima ruhusa, na watu wakamsonya meneja huyo, wakamsahau. Sylus hakusahaulika. Tangu siku hiyo Mable alimsalimu mdogo wake kama mtu anavyomsalimu karani wa chifu. Krismasi alipeleka sukari na unga wa ngano, akauliza habari za watoto. Kuketi mezani kwake akala, hapana.

Saa saba na nusu akaitwa stoo.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jumapili jioni walikuwa wanakuja Wafaransa kumi na wawili, watu wa kijiji kimoja kusini mwa kwao, nao walikuwa wameandika mapema kwamba wangependa kunywa waini ya nyumbani, Madiran, na chakula kinachoipasa. Kreti mbili zilikuwa zimefika kutoka Nairobi siku mbili kabla. Leo amefika kijana wa kampuni iliyoziuza, jina lake Crispus, viatu vyake visafi mno kwa vumbi la Voi, aje awafundishe watu wa jikoni na wa mezani ni chakula gani kinaweza kukaa na waini nzito namna ile. Meneja mpya alikuwa amesema wazi: Mable ndiye atakayesimama mbele ya Wafaransa, kwa hiyo Mable lazima aonje.

Katika miaka ishirini na minane Mable alikuwa hajawahi kuonja. Tone la Meza ya Bwana kanisani, tamu kama dawa ya kikohozi, hilo halihesabiki. Waini alizijua kwa kusoma nyuma ya chupa na kwa kutazama nyuso za wanaokunywa. Mgeni akiuliza, alijibu bila kusita: matunda meusi, viungo, na mwisho mrefu. Hakuna mgeni aliyewahi kumrudisha.

Crispus alishika chupa ya kwanza, akaiachia kama iliyomuuma.

"Hizi mmeziweka hapa tangu lini?"

"Tangu Alhamisi," akasema Mutunga, mpishi mkuu. Alikuwa Mkamba mzaliwa wa Voi, babu yake aliletwa na reli, na alikuwa na tabia ya kujibu maswali huku amekunja mikono juu ya kitambi. "Karatasi imesema ikae kwa joto la chumba. Imekaa."

"Chumba cha wapi, mkuu?"

"Hiki."

Kipimajoto cha ukutani kilionyesha thelathini na tatu. Crispus alikitazama kwa muda kama mtu aliyefiwa, kisha akaeleza, kwa upole uliomgharimu, kwamba chumba kinachosemwa ni chumba cha Ufaransa, tena cha zamani, chenye kuta za mawe, ambamo watu huvaa sweta wakila. Mutunga alisema hilo wangeliandika. Chupa mbili zikapelekwa kwenye friji zikakae dakika arobaini, na Mable akapata dakika arobaini za kuketi juu ya gunia la mchele, jambo ambalo lilimfanya ampende Crispus kidogo.

Waini ilipotoka, Crispus aliimimina yote kwenye jagi la kioo ipumzike na kupumua. Rangi yake ilikuwa ya giza, wala jua la mlangoni halikuweza kupenya. Akamimina kidogo katika glasi tatu.

"Mimi sinywi," akasema Mable.

"Hakuna mtu anakunywa hapa, madam. Unajaza mdomo, unaizungusha, unafikiria, unatema." Akasukuma mbele ndoo ndogo ya barafu, isiyo na barafu. "Halafu unasema umepata nini. Hiyo tu."

Mable aliitazama ndoo ile. Alitamani kulala.

Akanywa, akazungusha. Waini ilimkamata ulimi kama ndizi mbichi. Mashavu yakajivuta ndani, fizi zikakauka, na joto likampanda puani. Akainama akatema, na mkono wake wa kushoto ukajishika kiunoni bila kuagizwa.

Alijua mkono ule. Ulikuwa wa mama yake. Ndivyo alivyokuwa akisimama mlangoni alfajiri, mkono kiunoni, kikombe cha bati mkononi, siku Mable aliporudi nyumbani kwa likizo yake ya kwanza baada ya kutoroka kuja Voi kutafuta kazi. "Mable, nilikukasirikia kwa kuondoka bila kuniaga," mama alisema, akajaza maji kinywani, akayapuliza uani. "Sasa imetoka. Ingia ule." Jumapili ileile mama alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa akaenda kuimba, na Mable hakumwona akisumbuka hata kidogo juu ya jambo lile.

"Umepata nini?" akauliza Crispus.

"Matunda meusi, viungo, na mwisho mrefu."

Crispus aligeuza chupa, akasoma nyuma, akacheka kidogo. "Hiyo ni ya chupa, madam. Usiniambie kimeandikwa nini. Niambie kiko nini kwa mdomo."

Mable alikasirika, akaonja tena, akatema tena. "Zambarau," akasema. "Zilizoiva mno zikaangukia jivuni. Na ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Na ukali. Huo ukali unanyonya mate yote."

"Umeona?" akasema Crispus. "Sasa tutafute chakula cha kuutuliza."

Mutunga alileta kwanza samaki wa Ziwa Jipe aliyekaangwa na ndimu, fahari yake. Walitafuna, wakanywa juu yake, na wote watatu wakakimbilia ndoo. Ilikuwa kama kulamba msumari. Mutunga alimtetea samaki wake, akasema labda waini ndiyo mbovu, lakini hakurudia. Kisha kuku wa pilipili. Hapo waini na pilipili zilishikana mikono zikamchoma mtu hadi masikioni, na Crispus akatoa leso akajifuta macho. Alieleza kwamba waini kali haitaki kushindana na mkali mwingine, wala haipatani na samaki. Inataka mafuta, chumvi na kitu cha kutafuna.

"Ungesema hivyo saa nane," akasema Mutunga, "ningelala."

Akaleta mbavu za mbuzi. Zilikuwa zimechomwa polepole tangu asubuhi kwa ajili ya chakula cha jioni, mafuta yameganda pembeni, chumvi ya mawe juu, ncha zimeungua kidogo. Mable alitafuna, akaacha mafuta yaenee kinywani, kisha akanywa.

Ukali haukuja. Aliungoja. Waini ilipita juu ya ulimi ikiwa imelainika, imekuwa tamu bila sukari, zambarau zile zikasimama peke yake, na baada yake ladha ya moshi ikabaki. Kitu kilekile kilichomkausha dakika kumi zilizopita sasa kilikuwa kimekubali. Aliinama kutema na akaona hataki kuinuka. Machozi yalikuwa yamemjaa, na mafuta ya mbuzi hayaleti machozi.

"Sasa je?" akauliza Crispus.

"Imekubali," akasema Mable, akiwa bado ameinamia ndoo.

Kilibaki kitu cha kuweka kando ya mbavu. Crispus alitaka viazi vya kuponda. Mable alisema kimanga: muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja mpaka yashikane, kama walivyokipika kwao Wusi, kwa sababu kitashika mafuta ya mbuzi, wakati viazi vitayaacha yaogelee.

"Mtaita akiona upenyo lazima apitishe kimanga," akasema Mutunga.

"Na wewe ulikuwa unangoja nani akuombe muthokoi?"

Mutunga alikuwa nayo tayari, kwenye bakuli, imefunikwa. Mahindi yake yaliyokobolewa yaliiva vizuri, lakini yaliteleza mdomoni na waini ikaachwa peke yake tena. Kimanga, kilichotolewa kantini ya wafanyakazi, kilikaa. Crispus alionja mara tatu kwa jambo lililohitaji mara moja, akaandika kwenye daftari lake, akauliza jina linavyoandikwa. Mutunga alikunja mikono akasema Wafaransa hawajui chakula, lakini alisema akitabasamu.

Saa kumi na robo Crispus alifunga begi lake akaenda kuoga. Mable alibaki akiosha glasi, na Mutunga akibandua mafuta kwenye wavu. Simu ya Mable ilitetemeka juu ya meza ya chuma, ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Jina lilionekana.

"Sylus," akasema Mutunga.

"Nimeona."

"Hutaki kushika?"

"Nitamwambia nini? Kesho wageni. Nikienda asubuhi hata sitajua nitarudi saa ngapi. Na hayo mambo yenyewe ni ya kizamani, Mutunga. Mchungaji akisikia."

Mutunga aliendelea kukwangua. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na saba na alijua kisa chote, hadi rangi ya maua ya kaburini. "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," akasema. "Mimi sitaki kuingilia."

"Basi usiingilie."

"Siingilii. Nahesabu tu." Akaweka kisu chini. "Mama Evelyn, tangu saa nane umetema waini ya watu mara saba, kwa sababu kijana wa Nairobi ambaye hujui hata baba yake amekwambia uteme. Ukainama, ukatema, ukasema umepata nini. Mdogo wako anataka mara moja, na ya maji."

Mable alimaliza kuosha glasi aliyokuwa nayo, akaifuta, akaiinua kwenye mwanga kuona kama ina alama. Haikuwa nayo. Kwenye jagi kulikuwa kumebaki waini kidogo, kama kimo cha vidole viwili. Akaimimina yote kwenye ile glasi safi, akachukua simu, akatokea mlango wa nyuma.

Nyuma ya stoo kulikuwa na kreti tupu na mtungi wa gesi uliokwisha. Akaketi juu ya kreti, akaona haifai, akasimama. Akapiga.

"Dada."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nimekaa tu. Mke wangu anapanga nguo."

"Nenda pale mlangoni kwa mama."

Akasikia kiti kikisogea. Sylus alikuwa akitembea polepole siku hizi, akisimama njiani kama mzee. Ilichukua muda. "Nimefika."

"Mimi siko huko," akasema Mable. "Niko nyuma ya stoo. Na hapa hakuna maji safi karibu, niko na waini."

"Waini?"

"Ya Kifaransa. Ndiyo iliyopo."

Sylus alifikiri. "Wazee hawakuikataza," akasema mwishowe. "Hawakuijua."

Mable alitaka kucheka, kicheko kikaishia kifuani. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye kiti chake kanisani, amesimama na glasi ya pombe nyuma ya kreti, na alijiona mjinga. Lakini uchovu ulikuwa umeshinda aibu. Akaibana simu kati ya sikio na bega, akashika kiuno.

"Sylus, nilikukasirikia kwa kumzika mama bila kuningoja." Akajaza kinywa. Bila mafuta, bila chumvi, waini ilikaza tena fizi zake zote. Akaitema. Ilianguka kwenye vumbi jekundu na karibu isionekane.

Walingoja wote wawili, huyu Voi, yule Wusi.

"Imetoka?" akauliza Sylus.

Mable alijitafuta ndani. Jiwe lilikuwa palepale lilipokaa miaka sita. "Haijatoka."

"Basi siyo hiyo."

Alisema bila lawama, kama fundi anayejaribu ufunguo mwingine. Mable akaanza tena. "Nilikasirika kwamba meneja alininyima..." Alikuwa amesema maneno hayo mara nyingi mno, kwa watu wengi mno, kwenye matanga na harusini, kwa Mutunga, kwa binti yake Evelyn, kwa mchungaji. Yalitoka yenyewe, yamepangika. Akayasikia yakitoka, akajua yametoka kinywani tu, si moyoni.

"Dada?"

"Hakuninyima," akasema. "Sikuomba."

Mable aliitazama waini iliyobaki.

"Sikuomba ruhusa, Sylus. Hakuna aliyeninyima kitu. Kulikuwa na kundi la watu arobaini, na meneja alikuwa amesema mbele ya wote kwamba bila Mable hapa hapaendeki. Simu yako iliponifikia nilikuwa nimebeba supu. Nikaenda nikaigawa. Nilijua nikiomba nitapewa. Nikaogopa kwamba nitapewa, na niende, na wao waendelee tu vizuri." Sauti ilikuwa imemtoka ndogo, ya mtoto. "Nilimwacha mama yangu mochwari nikagawa supu. Kila nikikumbuka hilo nakukasirikia wewe, kwa sababu wewe ulikuwa rahisi."

Akanywa iliyobaki. Akaizungusha, hakujua kwa nini, labda kwa mazoea ya siku hiyo, akaitema mbali kadiri alivyoweza. Kisha akashika ukuta, kama mtu aliyetua trei ambayo hakujua bado ameibeba.

"Najua," akasema Sylus.

"Unajua nini?"

"Kwamba hukuomba. Nilipiga simu hapo kwenu Alhamisi ile. Msichana wa mapokezi akaniambia, Mable yuko mezani, hajasema lolote, nimwite? Nikamwambia asikuite."

Mable alihesabu siku kichwani. Alhamisi. Mazishi Ijumaa.

"Mchungaji alikuwa tayari kungoja," Sylus akaendelea. Alikuwa anavuta pumzi katikati ya maneno. "Alisema Jumamosi ni sawa, hata Jumapili baada ya ibada. Jeneza halikuwa na haraka. Mimi ndiye niliyesema tuzike Ijumaa. Nilitaka ufike ukute udongo."

Kwa miaka sita Mable alikuwa amejiandaa kusikia jambo kama hilo, na alikuwa amejiwekea maneno ya kumjibu. Aliyatafuta akaona ameyatupa au yamekwisha. Alihisi uchovu tu, ule wa kweli, wa miguu na mgongo, na chini yake huruma kwa mtu mzima aliyesimama mlangoni kwa mama yake, na uvimbe tumboni, akiomba atolewe hasira ya mwingine huku ya kwake ameimeza.

"Ulikuwa unaniomba mimi niteme," akasema.

"Mkubwa ni wewe."

"Nikikata simu hii naenda ofisini kuomba ruhusa ya kesho. Nitafika kwako kabla ya saa tatu."

"Na wageni?"

"Mutunga anajua mbavu. Kumimina hata mtoto anajua. Watakunywa."

"Usikate kwanza," akasema Sylus. "Ngoja nichukue maji."

Mable alisikia nyayo zake zikiburuta, mfuniko wa pipa ukiinuliwa, kikombe kikigonga ukingo. Mkewe alimwuliza kitu kutoka ndani, hakumjibu. Nyayo zikarudi, zikasimama mara moja njiani, zikaja tena.

"Dada," akasema, "nilikukasirikia." Halafu hakusema kitu, kwa kuwa kinywa kilikuwa kimejaa, na Mable aliishika simu sikioni kwa mikono yote miwili mpaka aliposikia maji yakianguka chini.